Watoto wa Likaoni

Sauti yenyewe haifanani na ya mbwa hata kidogo. Ni kama mtu anayepuliza mdomo wa kibuyu kitupu, taratibu, huu… huu…, halafu ananyamaza kusikiliza kama kuna atakayemjibu. Niliisikia hivi karibuni nikiwa Laikipia, nimekwenda kumwona binti yangu anayefundisha huko. Kulikuwa kumeshapambazuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko lake nikichambua mboga, upepo ukaileta ile sauti kutoka upande wa vichaka. Mikono yangu ikasimama yenyewe.

"Usiogope, Mama," binti yangu akasema akichungulia mlangoni. "Ni mbwa mwitu tu, na wako mbali."

"Likaoni," nikasema.

"Nini?"

Neno hilo sikuwa nimelitamka tangu nikiwa msichana mdogo kule Kyuso, wala sikujua kwamba lilikuwa bado limekaa mdomoni mwangu, zima kabisa. Nilimwambia ni jina la zamani nikaendelea na mboga zangu. Nawasimulia ninyi kwanza. Huenda nikishamaliza nitapata namna ya kumsimulia yeye, kwa kuwa ni habari ya babu yake.

Sisi tulizaliwa Kyuso, kaskazini ya Kitui, mahali ambapo mvua ilizungumziwa kama mjomba aliyehamia mbali: kila mwaka kuna aliyesikia kwamba anakuja. Baba alilima ndengu na mawele, lakini moyo wake ulikuwa kwa mbuzi. Kila mbuzi alikuwa na jina, na alikuwa akiwagombeza kwa majina hayo kwa sauti ambayo hakuwahi kututumia sisi watoto. Mama yetu, Mwaitu kama tunavyoita kwa Kikamba, alikuwa ameolewa kutoka vilima vya Kilungu, kwenye mito inayotiririka na miti ya matunda, na hakuwahi kumsamehe Baba kwa kumleta mahali ambapo maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto. "Kwetu Kilungu," ndivyo alivyoanza kila sentensi akiwa amechoka. Nikifumba macho bado naisikia harufu ya nyumba ile: moshi, mbuzi, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, uliokuwa ukichemka tangu asubuhi usitake kuiva.

Kaka yangu Musembi ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Alisoma shule ya upili ya bweni kule Migwani, na kila likizo alirudi na sanduku lake la bati. Vijana wenzake walirudi na suruali pana chini na nyimbo za kucheza. Musembi alirudi na majina ya wanyama kwa Kilatini. Mwalimu wao wa bayolojia alikuwa amewafundisha kwamba kila kiumbe kina majina mawili, moja la ukoo na moja lake mwenyewe, kama Mkristo aliyebatizwa, na kaka yangu akalipokea jambo hilo kama habari njema. Alipita nyumbani akibatiza kila kitu. Punda alikuwa Ekwasi. Jogoo wetu alikuwa Galasi Galasi, na Mwaitu aliposikia akauliza, bila hata kugeuka kutoka kwenye chungu, "Na huyo Galasi tunamchinja lini?"

Mimi nilimfuata Musembi kila mahali. Pamoja nami alikuwa Kavata, rafiki yangu, ambaye nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya shamba letu la mawele. Baba yao alikuwa amefariki, na mama yake, Mama Kavata, aliwalea peke yake yeye na mdogo wake Mwendwa. Mwendwa alikuwa bado mdogo sana, mwenye magoti makavu na tabia ya kushika sikio la dada yake kila alipobebwa mgongoni, kana kwamba ndilo usukani. Kavata hakuwa akienda popote bila yeye. Hata kwenye mchezo wa kuruka kamba aliruka naye.

Alasiri moja tulikuwa tumewapeleka mbuzi kwenye mawe makubwa nje ya kijiji, ndipo tukaisikia ile sauti ya kibuyu. Musembi akatulaza kifudifudi juu ya jiwe, akatuonyesha. Walikuwa wamelala kwenye kivuli upande wa pili wa korongo, mbwa wenye masikio ya duara kama majani, na hakuna aliyefanana na mwenzake. Walikuwa na madoa meusi, meupe na ya rangi ya udongo, kama vile mtoto amechezea rangi akapewa mbwa wa kupaka.

"Likaoni Piktasi," Musembi akanong'ona. "Piktasi maana yake aliyepakwa rangi. Na Likaoni alikuwa mfalme."

Tukiwa pale pale juu ya jiwe lenye joto akatusimulia. Hapo kale, katika nchi ya Wayunani, palikuwa na mfalme aliyeitwa Likaoni. Siku moja mgeni alifika mlangoni kwake, na watu wakasema mgeni huyo si mwanadamu, ni mungu. Mfalme akataka kumjaribu. Akamchinja mtoto, akampika, akamwandalia mgeni nyama ile ili aone kama ataitambua. Mgeni aliitambua. Akaipindua meza, nyumba ikashika moto, na mfalme akakimbilia porini. Alipojaribu kusema, sauti haikutoka ila kulia. Nguo zake zikawa manyoya, naye akawa mbwa mwitu.

Mwendwa alikuwa ameuficha uso wake kwenye shingo ya Kavata. Kavata akauliza, "Na huyo mtoto aliyepikwa aliitwa nani?"

Musembi akafikiri. "Mwalimu hakusema. Nafikiri hawakuandika."

Alichokijua ni jina la mfalme, na jinsi Warumi walivyolipenda jina hilo wakalitia kila mahali katika Kilatini chao. Binti wa mfalme walimwita Likaonisi, yaani mtoto wa Likaoni. Binti huyo naye aligeuzwa dubu akawekwa angani, kwa hiyo nyota za upande wa kaskazini wakaziita za Likaoni pia. Tulimwuliza dubu ni nini. Musembi, ambaye hakuwahi kumwona, alisema ni kama fisi aliyenona anayeweza kusimama. Jumapili iliyofuata mchungaji alisoma habari za Paulo kupita nchi ya Likaonia, na mimi na Kavata tukaumana vidole tusicheke kanisani.

Lakini Musembi alisema pia jambo jingine, na hilo alilisema kwa uchungu kidogo. Alisema aliyewapa mbwa hawa jina lile hakukaa akawatazama. Yeye alikuwa amewatazama. Wakubwa walikuwa wakirudi kutoka mawindoni matumbo yamejaa, watoto wanawakimbilia, wanawaramba midomo, na wakubwa wanaitapika nyama yote kwa ajili yao. Na kama mnyama ameuawa karibu, wadogo ndio wanaokula kwanza, wakubwa wamesimama pembeni wanalinda.

"Huyu si mfalme," alisema. "Huyu ni mama."

Mwaka uliofuata mvua haikuja kabisa, ya vuli wala ya masika. Ndengu zilichanua zikakauka kwenye mashina. Tulikula mara moja kwa siku, na Mwaitu aliacha kusema "kwetu Kilungu", jambo lililonitisha kuliko njaa yenyewe. Swala walihama au wakafa, na mbwa wale, ambao hadi hapo walikuwa hawatusumbui, wakaanza kutazama mbuzi.

Walikuja asubuhi, jua likiwa limetoka. Baba alikuwa amewatoa mbuzi zizini, akawatangulia kidogo kwenda kukata matawi ya kuwalisha. Nilisikia mlio mmoja tu wa mbuzi, halafu mbio za kwato. Tulipofika, zaidi ya nusu ya kundi walikuwa chini. Baadhi walikuwa wameliwa, wengine wamepasuliwa tu wakaachwa, na vumbi lilikuwa bado halijatua. Baba alipita kutoka kwa mmoja hadi mwingine akiwataja majina. Hakupiga kelele. Alitaja jina, akasimama, akaenda kwa mwingine.

Jioni hiyo alirudi kutoka sokoni na mtungi wa dawa ya kupe, ile ya kuchanganya kwenye josho la ng'ombe. Niliijua dawa hiyo kwa harufu kabla hajaingia ndani.

"Nitaitia kwenye mizoga iliyobaki, niipeleke korongoni," alisema. "Watarudi kumalizia."

Musembi alikuwa nyumbani kwa likizo. Akasimama. Alimheshimu sana Baba, na nakumbuka alishika mikono yake nyuma kama mwanafunzi. "Baba, hawa hawali mzoga. Wanakula walichokiua siku hiyo hiyo. Hawatarudi kwa nyama iliyolala."

"Ni kitabu kimekuambia?"

"Nimewaona pia."

"Hicho kitabu chako kina mbuzi?" Baba aliuliza. "Kikiwa na mbuzi, kilete."

Mwaitu ndiye aliyeuliza lile swali jingine. "Na watu, Baba Musembi? Na njaa hii?"

"Nitatangaza. Kila mtu atasikia."

Na kweli alitangaza. Jumapili, baada ya matangazo ya kanisa, Baba alisimama na kofia yake mkononi akasema kwamba nyama iliyoko kwenye korongo chini ya mawe makubwa ina sumu, na asiiguse mtu, wala mtoto, wala mbwa wa mtu. Aliyarudia maneno hayo. Mchungaji naye akayarudia. Nilijisikia fahari, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu.

Mama Kavata hakuwa kanisani siku hiyo. Alikuwa amekwenda kwa miguu hadi Migwani kwa kaka yake kutafuta mahindi, akatuachia watoto wake tuwaangalie. Kila asubuhi Mwaitu alikuwa akiwapa uji wetu uliozimuliwa kwa maji. Jumapili hiyo Kavata alikunywa uji, akasema hatakuja kanisani kwa sababu nguo yake ilikuwa imefuliwa haijakauka. Alikuwa na nguo hiyo moja. Tuliporudi nilimwambia habari za wimbo mpya tuliofundishwa. Habari za nyama hakuna aliyemwambia. Mwaitu alidhani Baba amemwambia, naye Baba alidhani Mwaitu amemwambia.

Siku chache baadaye mimi na Musembi tulikuwa mtoni, tumeshuka kwenye shimo la mchanga tunachota maji kwa kikombe, tukasikia mtu anakimbia juu yetu. Ni Kavata. Mwendwa alikuwa mgongoni, na mkono wake haukuwa umeshika sikio la dada yake. Ulikuwa ukining'inia.

"Anatapika," Kavata alisema. "Anatapika na hanijibu."

Musembi akampokea, akamlaza mchangani. Macho ya mtoto yalikuwa wazi lakini hayakututazama, na mate yalikuwa yakimtoka mengi kuliko mtoto mwenye kiu anavyoweza kuwa nayo. "Mmekula nini?"

"Nyama."

"Nyama gani, Kavata? Umeitoa wapi?"

Alikuwa ameukuta mguu wa mbuzi karibu na ua wao. Mnyama fulani, fisi labda, alikuwa ameuburuta kutoka korongoni akaangusha hapo. Kavata aliuona ni mzuri, umekauka kwa jua bila kuoza, akashukuru, akauchoma. "Nilimpa yeye kwanza," alisema. "Nilitaka ashibe ndipo nami nile. Mimi nimelamba vidole tu."

Musembi alimbeba mtoto akapanda ukingo wa mto akikimbia, nasi tukamfuata hadi barabarani. Pale sokoni palikuwa na lori la Abdi, mtu kutoka upande wa kaskazini mashariki aliyekuwa akinunua mbuzi kwetu tangu sijazaliwa. Alikuwa ameshapakia. Alimtazama mtoto mara moja, akageuka akafungua mlango wa nyuma wa lori na kuanza kuwashusha mbuzi wake kwa kuwasukuma, wakatawanyika sokoni.

"Gari nyepesi inakimbia," alisema. "Leta mtoto. Nani anakuja?"

Baba alikuwa amefika. Sijui nani alimwita. Alimtazama Mwendwa, halafu akamtazama Kavata, na kabla hajauliza Musembi akamwambia, "Ni ile nyama." Baba akapanda lori, akanyoosha mikono apewe mtoto. Lori likaondoka likielekea hospitali, na watu wakabaki wakikusanya mbuzi wa Abdi bila kuagizwa.

Lilirudi jua likiwa bado liko juu. Hapo hata mimi nilielewa, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali na lori halikuwa limekaa vya kutosha. Baba alishuka taratibu akiwa amembeba Mwendwa, amefunikwa kwa shuka la Abdi hadi juu ya kichwa. Mwaitu alikaa chini pale pale barabarani. Abdi alibaki kwenye usukani, ameinamisha uso, midomo yake ikisoma dua. Kavata alienda akasimama karibu na Baba, akalifunua shuka kidogo upande wa miguu, akakamata mguu wa mdogo wake, akawa anaushika tu.

Huko korongoni walikutwa fisi wamekufa, na tai wengi, mabawa yamefunguka. Mbwa wenye madoa hakuonekana hata mmoja. Hawakuwa wamerudi.

Mama Kavata alikuwa bado hajafika. Wazee walishauriana ni nani ampelekee habari, na mchungaji akajitolea. Baba akasema hapana. Alikwenda mwenyewe kumngoja kwenye njia ya Migwani, na mimi, ambaye hakuna aliyenikumbuka siku hizo, nilipanda juu ya kichuguu nikatazama. Nilimwona Mama Kavata akija kwa mbali na mzigo wa mahindi mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso kama wabebavyo mama zetu. Alitembea haraka, kama mtu anayeleta chakula nyumbani. Baba alimsimamisha. Sikusikia maneno. Niliona mzigo ukishuka, na mama yule akikaa juu yake. Halafu nilimwona Baba akipiga magoti kwenye vumbi, kitu ambacho nilikuwa nimemwona akifanya kanisani tu.

Tulimzika Mwendwa. Chifu alikuja akauliza maswali yake akaondoka. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema Baba atoe mbuzi waliobaki, naye akakubali kabla hawajamaliza kusema. Mama Kavata ndiye aliyekataa. "Mbuzi?" alisema. "Nikae nao niwatazame?" Akainuka akaenda nyumbani, na shauri likaishia hapo, bila kuisha.

Ilikuwa baada ya shule kufunguliwa ndipo nilipoitwa jina lile. Watoto wa kijiji chote walikuwa wameijua hadithi ya mfalme, maana Musembi alikuwa ameisimulia kwa kila aliyekubali kukaa. Msichana mmoja tuliyekuwa tukigombania nafasi kwenye dawati alinigeukia akasema, "Ondoka hapa, Likaonisi." Wengine wakacheka. Kufikia wakati wa mapumziko lilikuwa limeenea. Mtoto wa Likaoni. Mtoto wa aliyepika mtoto. Nilimtafuta Kavata kwa macho. Alikuwa amesimama peke yake kwenye ukuta. Hakucheka, lakini pia hakuja.

Sikusema nyumbani. Lakini majina husafiri, na jioni moja, Musembi akiwa amerudi tena likizo, Baba aliweka kisu alichokuwa akikinoa akauliza, "Likaoni ni nani?"

Nilimwona kaka yangu akitafuta mahali pa kutazama.

"Nimepita penye watoto wanacheza, wakakimbia wakilitaja," Baba akasema. "Na mama yako anasema neno hilo limetoka kwako. Nieleze."

"Ni hadithi tu, Baba. Ya kale."

"Nieleze yote. Usiruke."

Musembi akaieleza. Hakuruka. Aliisema kwa sauti ya chini, mgeni, na mtoto, na chungu, na meza, na mfalme akikimbia porini bila sauti. Baba alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza mahubiri, kichwa kimeinama upande. Mwaitu aliacha kukoroga. Hadithi ilipoisha Baba akainua kichwa.

"Huyo mfalme," aliuliza, "alijua kilichokuwa kwenye sahani?"

"Alijua, Baba."

"Mimi sikujua."

Nilimngoja Musembi aseme, hapana Baba, wewe si kama yeye. Maneno machache tu yangetosha, na hakuyasema. Alitazama chini hadi Baba alipoinuka akatoka nje. Nilimchukia kaka yangu usiku ule, na kwa miaka mingi baadaye. Nilidhani alikuwa anamhukumu. Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu mwenyewe ndipo siku moja nikamwuliza, akashangaa kwamba nilikuwa nimelibeba muda wote huo. "Ningefungua mdomo," aliniambia, "lingetoka lile lingine. Kwamba nilimwambia. Nilikuwa nimeuma meno lisitoke." Hakuwahi kulisema, mpaka Baba akafa. Na majina ya Kilatini nayo aliyaacha. Alihamia Kilungu kwa nyanya yetu, akamalizia shule huko, akawa mwalimu wa hesabu. Ukimwonyesha ndege mtini alikuwa akisema, "Ndege."

Kesho yake baada ya maongezi yale, Baba alikamua mbuzi mmoja aliyekuwa na maziwa, akajaza kibuyu kidogo, akavuka shamba hadi kwa Mama Kavata. Nilidhani atarudi nacho. Alirudi mikono mitupu. Akaenda tena kesho yake, na kesho yake. Mvua ilirudi, mbuzi wakaongezeka, na bado maziwa ya kwanza ya kila asubuhi yalivuka shamba. Sisi tulikunywa chai ya rangi. Nilimlalamikia Mwaitu, akaniambia ninywe chai yangu.

Siku moja nilimfuata kwa siri nione wanachozungumza. Hawakuzungumza. Baba alisimama hatua kadhaa kutoka mlangoni, akakohoa. Mlango ukafunguliwa, mkono ukapokea kibuyu cha siku hiyo na kurudisha kile cha jana, kimeoshwa. Mlango ukafungwa. Baba akageuka. Nilisikitika kwa ajili yake, na nilimwona Mama Kavata kuwa mtu mwenye moyo mgumu.

Iliendelea hivyo mpaka Kavata akaolewa, na hata baada ya hapo. Mimi na yeye tulikua tukisalimiana kama watu wa mitaa miwili tofauti. Nami nikaolewa, nikaenda zangu.

Baba alifariki katika miaka ya tisini, mzee, kitandani mwake. Watu walijaa uwanjani. Walisema mengi mema juu ya mbuzi wake na kanisa, na kila aliyesimama alipita pembeni ya jambo moja kama mtu anayekwepa shimo la njiani. Halafu nilimwona Mama Kavata anakuja, amezeeka, ameshikwa mkono na binti yake. Hakuwa amewahi kukanyaga uwanja ule tangu mwaka wa njaa. Hakuomba nafasi kwa mchungaji. Alisimama mbele ya jeneza.

"Huyu mtu aliniulia mtoto," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Na huyu mtu aliniletea maziwa mpaka huyu mwingine akakua. Nimekuja na yote mawili. Sikujua lipi niliache nyumbani."

Hakuongeza kitu. Musembi ndiye aliyeinuka, akampelekea kiti chake, akamketisha kwenye mstari wa mbele pamoja nasi wafiwa. Akakaa hapo hadi mwisho, mikono mapajani, akitazama mbele.

Baada ya mazishi Kavata alikuja kunisaidia kuosha sufuria. Majivu, maji, majivu. Nikamwambia kwamba kila mara nilijiuliza kwa nini mama yake hakuwahi hata kumwambia Baba karibu, kwa miaka yote ile.

Kavata akasugua sufuria yake.

"Unajua alikuwa anaamka mapema kumsubiri?" alisema. "Kabla ya mimi. Anaosha kibuyu, anakaa karibu na mlango. Siku moja baba yako hakuja. Nafikiri alikuwa na malaria. Mama alitoka nje akasimama, akasimama, mpaka jua likawa kali. Nikamwambia, Mama, ingia ndani, unamngoja wa nini na humpendi? Akaniambia, 'Asipokuja, nitamkasirikia nani?'"

Niliacha kuosha. Utotoni nilikuwa nimeamini kwamba Baba alikuwa akienda kuomba msamaha na akinyimwa, kila asubuhi, na kwamba huo ndio uliokuwa msiba wetu. Sikuwa nimefikiri kwamba angeweza kukaa nyumbani. Angeweza kumtuma mtoto. Angeweza kuhama, kama wengi walivyohama baada ya njaa, na kumwachia mwanamke yule nyumba yenye kitanda kitupu na hasira isiyo na uso. Badala yake alijipeleka, mwili wake wote, akasimama mahali anapoweza kuonekana, akakohoa ili mlango ufunguliwe. Naye mama yule aliufungua. Sijui kama kuna neno la Kiswahili au la Kikamba la kitu walichokuwa nacho wale wawili. Mimi na Kavata tulimaliza sufuria, tukazifunika zikauke, na alipoondoka na mama yake niliwasindikiza hadi ng'ambo ya shamba.